Ndoo ya Shemeji Cephus

Wewe mwenye mtoto anayeingia msituni na bunduki, akirudi usimuulize ameua nini. Hilo atalisema mwenyewe hata usipouliza, na atalirudia mpaka umchoke. Muulize risasi iliyokosa imekwenda wapi. Mimi nilijifunza swali hilo Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, upawa ukiwa mkononi, na naliandika sasa kwa sababu msimu unakaribia tena na naona akina mama wenzangu wanashona vifungo vya makoti ya watoto wao kana kwamba wanawapeleka harusini.

Kwetu huku Karolina Kusini, pembeni mwa vinamasi, kulungu hanyatiwi. Anakimbizwa. Mbwa wanaachiliwa upande wa pili wa msitu, na watu wenye bunduki wanapangwa kando ya njia ya magari ya kubeba mbao, kila mmoja kituoni kwake, haonani vizuri na mwenzake. Kulungu akitoka anatoka mbio, anaivuka njia kama kitu kilichorushwa, na ukipepesa macho umemkosa. Ndiyo maana wazee wetu walishikilia bunduki za marisau, zinazotawanya gololi nyingi kwa mpigo mmoja. Kitu kinachokimbia namna ile hakikusubiri ukilenge taratibu.

Mtu wa mbwa katika chama chetu cha wawindaji ni mume wangu, Ransom. Yeye habebi bunduki. Anabeba pembe ya ng'ombe ya kupuliza na fimbo ya kusukumia miiba, anatembea nyuma ya mbwa, na mara nyingine inambidi awatangulie, maana wakielekea barabara ya lami asipowawahi watagongwa. Kwa hiyo kila Jumamosi ya msimu mume wangu ndiye anayetikisa majani mbele ya bunduki za ndugu zake. Anavaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachoonekana toka mbinguni, lakini kizibao ni kitambaa tu.

Mimi napika. Na kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenipa, ni kusikiliza.

Jiko la nyumba ya chama lina mlango wa nyuma unaotazama msitu, nami huuacha wazi hata kukiwa na baridi. Mbwa wote nawajua kwa sauti. Yule jike wa mbele, Malkia, hulia kama mwanamke anayemwita jirani ng'ambo ya mto. Wengine hufuata kwa fujo. Bunduki nazo nazijua. Nyingi ni nene, zinapiga kifuani. Moja tu ina sauti nyembamba, kavu, kama ubao uliovunjwa gotini. Hiyo ilikuwa ya baba mkwe wangu, Mzee Hezekiah, na Jumamosi hiyo alikuwa nayo binti yangu Keturah.

Keturah alikuwa amemaliza shule mwaka juzi. Alililia kituo tangu akiwa na meno ya utoto, na babu yake alikuwa akimwambia, subiri, mkono urefuke. Mkono ukarefuka, na kiangazi babu akafa. Alimwachia bunduki na shati lake la kuwindia, la sufu, la mirabamiraba myekundu na myeusi, lenye viraka vya ngozi viwikoni. Shati lilimfika karibu na magoti. Alilivaa siku tatu nyumbani kabla ya siku yenyewe, mpaka nikamuuliza kama anakusudia kuolewa nalo.

Kupiga alifundishwa na baba yake kule bwawani kwetu. Nchi yetu ni tambarare kama sinia, kilima hakuna, ila lipo tuta la bwawa. Ransom alikata boksi gumu, akalibana katikati ya tairi kuukuu, akalipandisha juu ya tuta na kuliachia. Tairi lilikuja likibingirika na kurukaruka juu ya mizizi, na mtoto akalifuata kwa mtutu, akalipita kidogo mbele, akafyatua bila kusimamisha mikono. Siri yote iko hapo, alimwambia: ukisimamisha mikono umepiga alipokuwa kulungu, hujapiga anapokwenda. Mwisho wa kiangazi maboksi yote ya duka la jirani yalikuwa chujio. Shemeji yangu Cephus, kaka mkubwa wa Ransom, akija kututembelea alikuwa anaegesha gari mbali.

"Nina matairi manne tu," alisema. "Huyu akiyaona ataniacha nitembee."

Asubuhi ya siku hiyo Cephus ndiye aliyesoma kanuni, kama kila asubuhi. Amefanya hivyo miaka mingi, na anafurahi mno kuzisema. Ya kwanza: bunduki isiifuate njia. Kulungu akikimbilia upande wa mwenzako, inua mtutu juu mbinguni, mwache avuke, ndipo uushushe ng'ambo. Ya pili: mtu haondoki kituoni mpaka Ransom apulize pembe ya mwisho.

"Hata nyoka akikupandia mguuni," alisema, "mwambie asubiri pembe."

Watu wakacheka. Keturah hakucheka, alikuwa anazimeza kanuni kama dawa. Wakampa kituo cha Msonobari wa Radi, kilicho karibu na nyumba ya chama kuliko vyote, ili awe salama. Baada yake, kule njia inakopinda kidogo, kipo kituo cha Kona ya Uzio, na hapo aliwekwa baba yake mkubwa Cephus, ili amwangalie. Nilitulia niliposikia hivyo. Nikarudi kwenye kuku wangu wa pilau.

Malkia alianza kulia jua lilipokuwa limeshapanda. Wenzake wakampokea. Niliwasikia wakizunguka kinamasi, wakipotea, wakirudi, wakielekea mbali upande wa mtoni. Nilikuwa natupa vitunguu kwenye mafuta. Mbwa wako mbali kabisa, naweza kuapa. Na hapo hapo, karibu, nyuma tu ya misonobari yetu, ubao ukavunjika gotini.

Mara moja. Kisha kimya.

Nilizima jiko nisikie vizuri. Mtu akiua hupiga ukelele mrefu ili wenzake wajue. Hakuna ukelele uliotoka. Hata kikohozi. Mbwa waliendelea kule kule mbali kama hawahusiki. Nikajiuliza: mtoto amepiga nini, ikiwa mbwa hawapo? Najua kulungu hodari huwaacha mbwa mbali akatoka peke yake kimyakimya. Lakini najua pia kwamba kijana mwenye bunduki, aliyesimama muda mrefu kwenye baridi, kichaka kikitikisika hukiona kina pembe. Na kinachotikisa vichaka kule kwetu ni mume wangu.

Nilikaa hapo mlangoni mpaka niliposikia pembe ya Ransom, mbali, ng'ambo ya mto. Yu hai. Nikawasha jiko. Vitunguu vilikuwa vimekufa.

Mchana walirudi kula. Ni lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu aliyepiga na kukosa hukatwa shati. Baada ya kumshukuru Mungu na kabla ya kugusa chakula, Shemasi Gadson, mkuu wa chama, huuliza nani amepiga. Aliyekosa anasimama, anageuka, analivuta shati nje ya suruali, na Shemasi anamkata kipande cha nyuma kwa mkasi wangu wa kushonea. Kipande kinapigiliwa ukutani na jina lake. Ukuta wetu umejaa vipande vya watu wazima, wengine wamekwisha kufa, na kila kimoja kina kicheko chake. Ni mchezo. Hakuna aliyewahi kuumizwa na mchezo ule, hivyo ndivyo nilivyodhani.

Shemasi akauliza, "Kuna aliyepiga kule upande wa msonobari. Nani?"

Watu wakatazamana. Keturah alikuwa amekaa mwisho wa benchi, koti amelifunga mpaka kidevuni, na jiko linawaka mle ndani. Anatazama chumvi.

"Cephus, wewe ulikuwa karibu. Umesikia wapi?"

Shemeji alikuwa anajikuna shingo. Akasema yeye alisikia, ndiyo, ila kwa mbali, pengine ni wale wa shamba la pili, siku hizi wanapigapiga ovyo. Mwingine akasema alisikia karibu. Cephus akamwambia masikio yake ni ya kufugia nywele tu. Watu wakacheka, Shemasi akaweka mkasi chini, tukala.

Mimi sikuweza kula. Nilijua bunduki ile kama ninavyojua kikohozi cha mtoto wangu. Kwamba Keturah amenyamaza, nilielewa kidogo. Lakini Cephus? Yeye ni mtu wa kuzungumza. Risasi imelia mbele ya pua yake, na badala ya kusimulia nusu saa anasema shamba la pili. Na mchana, baada ya chakula, Ransom angeingia na mbwa upande huu huu, na Keturah angerudi kwenye msonobari ule ule. Kabla ya pembe ya kuanza ilinibidi nijue mtoto wangu amepiga nini, la sivyo ningemnyang'anya bunduki mbele za watu, na hilo asingenisamehe.

Nikawaambia naenda kumwaga makapi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikafika kwenye msonobari kabla sijagundua kwamba upawa bado uko mkononi.

Kwanza nilitafuta damu ya mtu. Nasema kweli. Nilitazama vichaka vyote vya mbele ya kituo kimoja kimoja, kama mtu aliyedondosha sindano. Hakuna kitu. Majani mazima. Nikapumua. Kisha nikaanza kutazama chini kwa utulivu, na hapo udadisi ukanishika, maana ardhi ya mchanga haifichi kitu.

Alama za viatu vya Keturah zilikuwa pale, visigino vimechimba. Ametulia, mtoto mzuri. Na mbele yake, kwato. Kulungu kweli. Alitoka kichakani akikimbia, kwato zimepanuka na zimerusha mchanga nyuma. Moyo ukatulia kabisa: amepiga kulungu, amekosa, basi. Hakupiga kichaka.

Lakini kwato zile zilikuwa zimetoka kushoto. Na hazikuvuka njia mara moja. Zilishuka na njia yenyewe, ruka, ruka, ruka, kuelekea kule inakopinda, ndipo zikakata na kuingia ng'ambo.

Nikasimama palipo na alama za viatu vyake. Nikaweka upawa begani. Kama kuna aliyenipita akaniona, namwachia Mungu. Nikamfuata kulungu ambaye hayupo, nikizungusha mwili kutoka kushoto, nikampita kidogo mbele kama Ransom anavyofundisha, bila kusimamisha mikono. Na upawa wangu ukaenda ukasimama sawasawa ukitazama Kona ya Uzio.

Sikupenda kwenda kule. Nilikwenda.

Kituo cha Cephus kina ndoo nyeupe ya rangi, kubwa, aliyoigeuza kifudifudi ili aikalie. Ipo miaka yote. Nyuma yake msonobari mwembamba. Gome la msonobari lilikuwa limebanduliwa sehemu mbili, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, na utomvu ulikuwa unatoka mpya, unang'aa kama asali. Ndoo yenyewe ilikuwa imegeuzwa upande. Nikaizungusha. Ilikuwa na matundu; kidole changu kidogo kiliingia, na kingo zake zilikuwa bado nyeupe na kali.

Nikaketi chini mchangani, si juu ya ndoo, chini. Mtu aliyekaa juu ya ndoo ile angekuwa sasa hivi amelala juu ya meza niliyowekea pilau. Na huyo mtu nilikuwa nimempakulia sahani kwa mkono wangu, ameomba na ya pili. Hata alikuwa na hamu ya ukoko. Basi, risasi ilipolia, alikuwa wapi?

Nikasikia miguu. Cephus anakuja, ananyata, jambo ambalo mwili wake haukuumbiwa. Aliponiona akasimama.

"Ah, Odessa," akasema. "Makapi unakuja kumwagia huku?"

"Na wewe, shemeji, umefuata nini?"

"Ndoo yangu."

"Ya kukingia mvua?"

Akatazama juu, anga kavu. "Hiyo ndoo ni ya zamani. Matundu ni ya zamani."

"Na utomvu ni wa zamani?"

Akavua kofia, akaifuta ndani kwa kiganja, akaivaa tena. Nikamuuliza polepole, maana nilitaka kujua kweli, sikuwa na hasira bado: "Ulikuwa umekaa wapi, Cephus?"

Akaniambia. Alikuwa kwenye pikapu yake, nyuma ya kona. Timu ya chuo ilikuwa inacheza mapema siku hiyo na redio ndogo haishiki vizuri kwenye misonobari. Alikwenda kusikiliza kipindi cha kwanza tu. Aliporudi akaikuta ndoo imelala.

"Kanuni yako mwenyewe," nikasema. "Ya nyoka."

"Najua."

"Ungeifuata ungekuwa umekufa."

"Nimeliwaza hilo kuliko wewe," akasema. Kisha akaanza kunibembeleza. Alisema mtoto hakuona, mtoto akijua atavunjika, Ransom atamnyang'anya bunduki ya mzee, kwa nini tuharibu kitu ambacho hakikutokea. Angeitupa ndoo mtoni, na yeye mwenyewe angemwonya Keturah kwa upole siku nyingine. Maneno mazuri. Nilitaka kuyakubali. Mtoto ni wangu.

Lakini nilikuwa na jambo moja bado linanisumbua, na sikuweza kuliacha. Keturah hajawahi kukosa tairi. Na kanuni alikuwa amezimeza asubuhi ile ile. Kwa nini amekosa, na kwa nini mikono yake haikuinua mtutu? Bila kulijua hilo, kuonywa kwa upole kungemsaidia nini?

"Chukua ndoo yako," nikamwambia, "uje nayo nyumbani. Usiitupe."

Alinifuata. Ndoo aliibeba kwa mkono aliounyoosha mbali, kama mtu aliyebeba kitu kinachonuka.

Nilimkuta Keturah nje kwenye bomba, anaosha sahani, koti bado limefungwa. Cephus nilimwacha nyuma ya stoo ya kuni. Nilichukua kitambaa nikaanza kumkaushia, na sikumuuliza kama amepiga. Swali hilo lina mlango mmoja tu, na angeufunga.

"Alitoka upande gani?" nikauliza.

"Kushoto," akasema. Kisha sahani ikamteleza.

Maji yanatoka tu.

"Alikuwa mkubwa?"

"Mama, alikuwa kama farasi." Macho yakamjaa. "Mbwa hawakuwa hata karibu. Nilikuwa natazama kulia, nilimsubiri atoke kulia. Sijui kwa nini. Akanijia kutoka mgongoni kabisa, mikono ikawa ya mtu mwingine."

Basi hapo nikaelewa. Tuta la bwawa lina mteremko mmoja. Tairi lile, kiangazi chote, lilitoka kulia likaenda kushoto. Kila siku kulia kwenda kushoto, na mwisho wa safari yake kuna ukuta wa udongo unaomeza kila gololi. Tulimfundisha mtoto kupiga kitu kinachokimbia upande mmoja tu, mahali ambapo kukosa hakuna hasara. Kulungu hajui tuta liko wapi.

"Na kwa nini hukusema?"

Akafungua koti. Shati la babu yake. Akalishika pindo kwa vidole vyenye povu. "Watalikata," akasema. "Lingine wakate, hata kumi. Si hili."

Mnaona sasa. Mchezo usiomwumiza mtu. Mtoto ameficha risasi kwa sababu ya kipande cha kitambaa, na mtu mzima ameificha kwa sababu ya redio, na kila mmoja ukimya wake umefunika wa mwenzake vizuri kabisa, kama sufuria na kifuniko. Mimi ndiye ningeongeza wa tatu.

Nikaita, "Shemeji, lete."

Cephus akatoka nyuma ya kuni. Akaiweka ndoo chini ya bomba na, sijui kwa nini alifanya hivyo, akaifungulia maji. Maji yakajaa, yakaanza kutoka kwa pembeni, michirizi myembamba, huku na huku, ikimlowesha viatu. Keturah akaitazama. Akamtazama baba yake mkubwa. Akapiga magoti, akaziba tundu moja kwa kidole, maji yakaendelea kutoka mengine.

"Hii ilikuwa wapi?" akauliza, ingawa aliijua ndoo ile tangu utoto.

"Pale pale," Cephus akasema. "Mimi ndiye sikuwa pale pale."

Keturah alibaki na kidole chake kwenye tundu muda mrefu, akiigeuza ndoo, akipima kwa macho mahali mtu anapokaa. Nilitaka kumshika. Sikumshika. Kisha akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali na kuingia ndani, nami nikamfuata.

Watu walikuwa wanavaa vizibao, Ransom ameshachukua fimbo yake. Keturah alipita katikati yao mpaka mbele ya Shemasi Gadson, akageuka, akavua koti, akalivuta shati nje.

"Risasi ya asubuhi ilikuwa yangu," akasema. "Nilikosa kulungu. Nilifuata njia kwa mtutu. Ndoo ya baba mkubwa ina matundu."

Ransom akaangusha fimbo. Alimtazama kaka yake kwanza, kuanzia kofia mpaka viatu vilivyolowa, akimhesabu viungo.

"Ulikuwa wapi?" akamuuliza.

"Nasikiliza mpira," Cephus akasema. Hakujitetea. Naye akageuka, akalivuta lake.

Shemasi alishika mkasi wangu kwa muda. Ni mtu wa mzaha, lakini siku hiyo alilikata shati la Mzee Hezekiah polepole, kwa kufuata mstari wa mraba, kama fundi. La Cephus alilikata mpaka mabegani. Hapo mtu mmoja alicheka, ikawa nafuu kwa wote. Vipande vyote viwili vilipigiliwa pamoja kwa msumari mmoja.

Kisha likaja suala la mchana, nani anasimama wapi. Wengine walisema Keturah akae nyumbani msimu mzima. Cephus alisema akae yeye nyumbani. Ransom alimwambia binti yake aweke bunduki kwenye kabati, atafute kizibao na amfuate. Mchana ule angetembea naye ndani, kwa mbwa, mbele ya bunduki za watu.

Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele. Mmoja ndani ya vichaka alinitosha. Ransom aliniona uso, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kuna kitu hawezi kumfundisha akiwa nje. Nikamfunga Keturah kizibao mwenyewe, nikavuta kamba mpaka akalalamika hawezi kupumua.

Mchana huo sikuosha chombo hata kimoja. Nilikaa mlangoni. Malkia alilia, wengine wakamfuata, wakaja karibu, wakaenda. Bunduki nene zikalia mara mbili upande wa mto, na ukelele mrefu ukatoka. Nilisubiri pembe. Ilipolia, ilikuwa inakwaruza na kukatika katikati, na nikajua anayepuliza si Ransom.

Keturah alirudi amechanwa mashavu na miiba, matope mpaka kiunoni. Nilimpa chai. Sikumuuliza ni nani aliyeua, na yeye hakusema. Alikaa kwenye ngazi ya jiko, Malkia amemlalia miguuni, akanywa nusu.

"Mama," akasema baadaye, "ukiwa kule ndani, wale waliosimama kituoni unawaona?"

Nikamwambia sijui, sijawahi kufika.

"Huwaoni. Pamoja na vizibao vyao vyote. Unapita hatua chache mbele ya mtu na unadhani ni mti, mpaka akohoe. Nilikuwa nafikiri wao wananiona mimi." Akaitazama chai. "Baba amekuwa akiimba njia nzima. Kumbe ndiyo maana anaimba."

Miaka yote nilikuwa nasikia mume wangu akiimba kule msituni, nikadhani ana furaha.

Sasa tairi letu halitoki tena juu ya tuta. Ransom analivuta kwa kamba nyuma ya mashine ya kukatia majani, linatoka kulia, kushoto, mara nyingine linatoka nyuma, na Cephus amesimamisha ile ndoo katikati, na kizibao ameivisha. Tairi likiielekea, Keturah anainua mtutu juu na kusubiri lipite. Mara nyingi halipigi kabisa. Anapoingia ndani namuuliza swali langu, naye ananijibu ilikokwenda kila risasi, na zile ambazo hazikutoka.